Kalenda ya Chuo na Kalenda ya Zao: Mafunzo kwa Vitendo ya Wanafunzi wa Uchumi na Fedha katika Wilaya za Nachingwea na Ruangwa

Utangulizi

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya uchumi au fedha nchini Tanzania anaweza kukutana na jina la Nachingwea kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni darasani, mhadhiri anapofundisha tathmini ya miradi na kuutaja Mpango wa Karanga wa 1947 hadi 1951 kuwa mfano wa mradi uliokufa kwa sababu ulitekelezwa kabla ya kujaribiwa. Njia ya pili, ambayo ni ya wachache, ni barua ya chuo inayomtaka aripoti kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya ya Nachingwea, au ya jirani yake Ruangwa, kwa ajili ya mafunzo kwa vitendo ya wiki nane, yale ambayo wanafunzi wenyewe huyaita fildi. Njia hizi mbili hazijadiliwi pamoja. Ya kwanza huhesabiwa kuwa historia ya ukoloni, na ya pili huachiwa waratibu wa mafunzo na maofisa wa mikopo.

Insha hii inaziweka pamoja. Hoja inayotetewa ni kwamba tangu 1946 watu waliopelekwa Kusini kuusoma uchumi wake kwa macho yao wenyewe, wawe wataalamu wa Serikali ya Uingereza au wanafunzi wa leo, wamefika kwa muda mfupi na mara nyingi katika miezi ileile ya kiangazi, baina ya Juni na Septemba. Miezi hiyo ndiyo ambayo barabara hupitika na mikutano huitishwa kwa urahisi. Ndiyo pia miezi ambayo korosho, zao lililobeba uchumi wa wilaya hizi kwa zaidi ya nusu karne, haijafika kwenye mizani. Ratiba, ambayo katika maandishi ya elimu ya juu huchukuliwa kuwa jambo la utawala tu, imeamua kwa kiasi kikubwa kile ambacho mwanafunzi hukiona na kile asichokiona.

Neno moja kuhusu mipaka. Ruangwa ya leo ni wilaya changa iliyopata hadhi hiyo katika miaka ya 1990. Kwa hiyo katika sehemu kubwa ya kipindi kinachojadiliwa maeneo yake yalisimamiwa kutoka Lindi na Nachingwea. Aidha, msomaji anayeifahamu Nachingwea kwa sababu ya kambi ya FRELIMO hataikuta humu. Historia hiyo ina watafiti wake, nayo imeufunika uchumi wa wilaya kiasi kwamba mtu anaweza kusoma mengi kuhusu Nachingwea bila kukutana na mkorosho hata mmoja.

Ujumbe wa mwaka 1946

Machi 1946 Frank Samuel, mkurugenzi mtendaji wa kampuni ya United Africa, tanzu ya Unilever, aliipendekezea Serikali ya Uingereza kilimo kikubwa cha karanga kwa mashine katika Tanganyika ili kupunguza uhaba wa mafuta ya kula uliofuata Vita vya Pili vya Dunia. Serikali ilituma ujumbe wa watu watatu. Kiongozi wake alikuwa John Wakefield, aliyewahi kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika. Pamoja naye walikuwa David Martin, meneja wa mashamba wa kampuni hiyohiyo ya United Africa, na John Rosa wa Wizara ya Makoloni, aliyeshughulikia upande wa fedha. Walifika Afrika Mashariki Juni 1946, wakasafiri kwa ndege na kwa magari, na taarifa yao ilikuwa tayari kabla ya Septemba kwisha.

Katika muda huo wa chini ya miezi mitatu walipendekeza kilimo cha ekari 3,210,000, zilizogawanywa katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja. Mashamba 80 yangekuwa Tanganyika, na kati ya hayo 55 yangekuwa katika Jimbo la Kusini. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya mpango wote, yaani ekari 1,650,000, ilikusudiwa kuwa katika ukanda ambao haukuwa na reli wala bandari ya kina kirefu. Gharama ilikadiriwa kuwa takriban pauni milioni 24 kwa miaka sita. Waraka wa Serikali namba 7030 wa Februari 1947 uliyafanya makadirio hayo kuwa sera.

Yaliyofuata yanajulikana, na hapa hayahitaji kurudiwa kwa urefu. Kazi ilianzia Kongwa kwa sababu huko reli ilikuwepo. Nachingwea ilisubiri bandari mpya ya Mtwara na reli ya kuiunganisha na pwani. Januari 1951 Serikali ilitangaza kuuacha mpango na kufuta pauni milioni 36.5. Katikati ya miaka ya 1950 Shirika la Kilimo la Tanganyika lilirithi mashamba yaliyobaki, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli yenyewe ilifungwa na kung'olewa.

Kwa mwanafunzi wa fedha, hata hivyo, kuna tukio moja katika historia hiyo ambalo lina uzito kuliko matrekta yaliyovunjika, nalo halitajwi sana. Shirika la Overseas Food Corporation, lililopokea mpango kutoka kwa United Africa mwaka 1948, lilikaguliwa kwa mwaka wa hesabu ulioishia 31 Machi 1949. Wakaguzi walieleza kwamba hawakuweza kuthibitisha kuwa vitabu stahiki vya hesabu vilitunzwa. Bunge la Uingereza lililijadili suala hilo Novemba mwaka huo kwa ukali. Mradi uliokuwa na wachumi wa kuukadiria, wanasiasa wa kuutetea na mamilioni ya kuutekeleza haukuwa na daftari la kuaminika la kile kilichonunuliwa, kilichohifadhiwa ghalani na kilichotumika. Kwa maneno mengine, makadirio yalitangulia na uhasibu ukafuata nyuma ukichechemea.

Ni rahisi kuwacheka watu wale watatu. Mwandishi wa insha hii haoni sababu ya kufanya hivyo. Wakefield aliifahamu Tanganyika vizuri, na Rosa hakuwa mgeni wa hesabu. Walichokosa ni msimu. Walipita Kusini katika kiangazi, wakaona ardhi iliyo wazi kwa macho, vijito vilivyokauka na vijiji vichache, wakapiga hesabu ya mazao ya mvua ambayo hawakuiona ikinyesha. Wiki zao Afrika Mashariki hazikuzidi sana wiki anazopewa mwanafunzi wa leo.

Wakati huohuo, bila mkopo wa serikali na bila ujumbe wowote, wakulima wadogo wa Kusini walikuwa wakipanda mikorosho kandokando ya mihogo na mtama. Hakuna aliyetumwa kujifunza kwao.

Kazi kwanza, shahada baadaye

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizaliwa Oktoba 1961 kikiwa chuo kishiriki chenye kitivo kimoja cha sheria. Masomo ya sanaa na sayansi za jamii, uchumi ukiwamo, yalifuata mwaka 1964. Kandoni mwake vilijengwa vyuo vya kuandaa watunza hesabu na mameneja: Chuo cha Ushirika Moshi mwaka 1963, Chuo cha Elimu ya Biashara mwaka 1965, Chuo cha Usimamizi wa Fedha na kile cha Mzumbe mwaka 1972. Swali la uhusiano baina ya masomo na kazi liliibuka mapema, nalo liliibuka kwa sura ya fedha.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga utaratibu mpya wa Jeshi la Kujenga Taifa ambao ungewataka wahitimu watumikie kwa miaka miwili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara wao. Rais Nyerere aliwarudisha nyumbani wanafunzi 393, kisha akapunguza mishahara ya viongozi, wa kwake ukiwa wa kwanza, kwa asilimia 20. Tukio hilo limechambuliwa mara nyingi kama mgogoro wa kisiasa. Likisomwa kiuchumi, lilikuwa mabishano juu ya nani anagharimia elimu na kwa sarafu gani inalipwa. Serikali ilijibu kwamba inalipwa kwa kazi.

Jibu hilo lilikomaa katika Azimio la Musoma la Novemba 1974. Kuanzia hapo, mhitimu wa kidato cha sita hakwenda chuo kikuu moja kwa moja. Alipitia mwaka mmoja wa Jeshi la Kujenga Taifa, kisha akafanya kazi kwa angalau miaka miwili, na aliporudi kuomba nafasi alihitaji sifa njema kutoka kwa mwajiri na kutoka tawi la chama. Sharti hilo lililegezwa mapema kwa wanawake, baada ya idadi yao vyuoni kushuka, na katikati ya miaka ya 1980 liliachwa.

Azimio la Musoma limelaumiwa, na kwa haki, kwa kukausha wanafunzi wa sayansi na kuwapa viongozi wa matawi kauli juu ya maisha ya vijana. Hata hivyo, kwa mada ya insha hii lilikuwa na matokeo ambayo waandishi wake hawakuyalenga. Darasa la uchumi la mwishoni mwa miaka ya 1970 lilikuwa na watu waliokwisha kuwa makarani wa benki, watunza ghala, wapima mazao na wasaidizi wa hesabu katika mashirika ya umma. Mtu aliyefanya kazi miaka miwili amepita misimu miwili kamili. Ameona wino wa oda ya Julai ukigeuka kuwa deni la Desemba. Hakuhitaji kuelezwa maana ya mtaji wa kuendeshea shughuli. Alikwisha kuulizwa uko wapi.

Kwa bahati mbaya kipindi hichohicho ndicho uchumi wa korosho ulipoporomoka, na Kusini palikuwa na kidogo cha kujifunza isipokuwa namna zao linavyokufa. Uzalishaji wa taifa ulifikia takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74. Kuhamishiwa kwa watu vijijini kuliwatenga wakulima na mikorosho yao ya zamani. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa Mei 1976, na ununuzi ukaachwa kwa Mamlaka ya Korosho. Ugonjwa wa ubwiriunga ulienea mashambani. Kufikia 1986/87 uzalishaji ulikuwa takriban tani 17,000. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia, kimoja kikiwa Nachingwea, vilikosa korosho za kubangua. Kuvunjwa kwa vyama hakukufunga ofisi tu. Kulifunga mahali ambapo kijana mwenye cheti cha Moshi angeweza kukaa na daftari la wanachama mbele yake. Sheria ya 1982 ilirudisha ushirika, lakini mazoea ya kutunza hesabu hayarudi kwa tangazo la Gazeti la Serikali.

Siku 56

Mafunzo kwa vitendo ya sasa ni kitu kingine kabisa. Hayatangulii chuo, yamo ndani yake. Yana msimbo wa somo, yana alama, na yana msimamizi wa kituo na mhadhiri anayepita mara moja kukagua. Tangu Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya 2004, ianze kazi, yana pia fungu lake katika mkopo, linalohesabiwa kwa siku zisizozidi 56. Mwanafunzi huyalipa baadaye pamoja na deni lake lote. Kizazi cha 1966 kiliambiwa kilipe elimu kwa kazi. Kizazi hiki kinakopa ili kifanye kazi bila ujira. Tofauti hiyo haijajadiliwa vya kutosha.

Kwa vyuo vingi siku hizo huangukia baina ya Julai na Septemba, mwaka wa masomo ukiwa umekwisha. Ratiba hii ina mantiki yake vyuoni. Kwa wilaya za Kusini ilikuwa na mantiki nyingine pia. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, msafiri kutoka Dar es Salaam alivuka Rufiji kwa kivuko cha Ndundu, na masika ilipokuwa kali barabara ilikatika kwa wiki kadhaa. Asiyekwenda kiangazi hakuwa na hakika ya kufika.

Mwanafunzi anayeripoti Nachingwea au Ruangwa mwezi Julai hukuta nini? Katika idara ya fedha ya halmashauri hukuta mwaka mpya wa serikali umeanza tarehe 1 na mwaka uliopita haujafungwa vitabuni. Hesabu za mwisho zinatakiwa kumfikia Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ifikapo 30 Septemba. Kwa hiyo hupewa mafaili. Hupanga hati za malipo kwa namba, hutafuta stakabadhi iliyopotea, hulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, na jioni huandika katika logibuku yake kwamba leo amejifunza utaratibu wa malipo. Ni kazi halali na yenye manufaa. Wahasibu wa halmashauri nyingi wangepata tabu kuifunga Septemba bila mikono hiyo isiyolipwa. Wa idara ya mipango hukuta bajeti imekwisha kupitishwa. Husoma vijitabu vya miradi na, akibahatika, huenda na gari kuona zahanati inayojengwa.

Anayepelekwa kwenye chama cha msingi au chama kikuu ana hali tofauti. Wilaya hizi mbili, pamoja na Liwale, zina chama kikuu kimoja kiitwacho RUNALI, jina lililoundwa kwa herufi za mwanzo za wilaya zenyewe. Julai na Agosti, kwa upande wa korosho, ni miezi ya salfa. Mikorosho inatoa maua, ubwiriunga unashambulia, na kila mkulima anataka kujua pembejeo zimefika ngapi na ni za nani. Mwanafunzi huona orodha za wakulima, migongano ya majina na madeni. Huona upande wa gharama wa zao. Upande wa mapato huanza Oktoba, naye ameshapanda basi.

Yaliyoko upande wa pili wa Septemba

Ni vyema kueleza anachokikosa, kwa kuwa ndicho kiini cha elimu ya fedha katika mazingira haya. Sheria ya Stakabadhi za Ghala namba 10 ya 2005 ilianza kutumika kwa korosho msimu wa 2007/08. Mkulima hupeleka korosho kwenye chama cha msingi, hupimwa na kupangwa madaraja, husafirishwa hadi ghala kuu, na mwendesha ghala hutoa stakabadhi. Chama kikuu huitisha mnada. Kabla ya ununuzi kuhamia kwenye mfumo wa kielektroniki, wanunuzi waliandika bei na kuzitumbukiza ndani ya sanduku. Sanduku lilifunguliwa mbele ya wakulima, nao walikubali au walikataa. Baada ya hapo huja makato: ya chama cha msingi, ya chama kikuu, ya usafiri, ya magunia, ya ghala, na ushuru wa halmashauri, ambao mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara. Kinachobaki huingia benki kwa jina la mkulima.

Mlolongo huu una karibu kila sura ya kitabu cha kozi: dhamana, riba, hatari ya bei, gharama za miamala, taarifa zisizo sawa baina ya muuzaji na mnunuzi. Katika miaka ya mwanzo ulikuwa na mkopo pia. Chama kilikopa benki, kikamlipa mkulima malipo ya awali yaliyokokotolewa kutoka bei dira, na malipo ya pili yakategemea mnada. Bei iliposhuka chini ya matarajio, mkopo wa benki ulitangulia kulipwa na malipo ya pili yakayeyuka. Aprili 2013 katika wilaya jirani ya Liwale hasira juu ya malipo pungufu ya korosho iliishia kwa nyumba za viongozi kuchomwa moto. Mchumi anaweza kulieleza jambo hilo kwa mstari mmoja, kwamba hatari ya bei iliwekwa kwa yule asiye na uwezo wa kuibeba. Mkulima wa Liwale hakuwa na mstari huo, wala hakuna aliyekuwa amemfafanulia mapema kwamba malipo ya awali yalikuwa mkopo.

Kisha kuna kangomba. Katika miezi ya kabla ya mavuno, mnunuzi wa kijijini humpa mkulima fedha au unga, naye huahidi korosho msimu ukifika, kwa kipimo cha chombo badala ya kilo na kwa bei iliyo chini sana ya mnada. Serikali imeipiga marufuku na kuwasaka wanaoifanya. Darasani mwanafunzi hufundishwa mikataba ya mauzo ya bidhaa ambazo bado hazijavunwa, kwa mifano ya ngano ya Chicago. Mkataba wa namna hiyo unafungwa mita mia chache kutoka chumba alichopanga Nachingwea mjini, tena katika wiki zilezile za fildi yake. Hauoni, kwa kuwa hauna faili. Hapa tatizo si kalenda tena. Ofisi aliyopelekwa imekataa, kwa sheria, kujua kwamba mkataba huo upo, na alama zake zinatolewa na ofisi hiyo. Hii ndiyo sababu mwandishi hakubaliani na pendekezo linalosikika mara kwa mara kwamba inatosha kuongeza wiki. Wiki kumi na mbili za kupanga hati za malipo zitampa mwanafunzi hati nyingi zaidi.

Msimu wa 2018/19 unatoa kielelezo cha gharama ya jambo hili kwa taifa. Juni 2018 Bunge lilibadili sheria ili mapato yote ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje yaingie Mfuko Mkuu wa Hazina. Kabla ya hapo asilimia 65 ilirudi kuiendeleza tasnia, pembejeo zikiwamo. Oktoba wakulima walikataa bei za minada. Tarehe 12 Novemba Rais Magufuli aliagiza Serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi lisimamie usafirishaji, na Bodi ya Nafaka na Mazao Mchanganyiko iwe mnunuzi. Uhakiki wa wakulima na mashamba ulifuata, shabaha mojawapo ikiwa kuwanasa watu wa kangomba, na malipo yakachelewa hadi 2019. Mwanafunzi wa Julai 2018 alikuwa Kusini baada ya sheria kubadilishwa na kabla ya matokeo yake. Mwanafunzi wa Julai 2019 alifika na kukuta madai. Baina yao ulipita msimu ambao ungefaa kufundishwa kwa miaka kumi, na hakuna hata mmoja aliyekuwepo akiwa na logibuku.

Ripoti zisizosomwa, na zao la Juni

Mwisho wa mafunzo kila mwanafunzi huandika ripoti. Mtafiti anayetaka kuandika historia ya fedha za vijijini angetamani kuzipata: ni maelezo ya ofisi ndogo, yaliyoandikwa na watu waliokaa humo siku nzima, kwa mwaka na mwezi unaojulikana. Tasnifu za uzamili na uzamivu huhifadhiwa katika hazina za kidijitali za vyuo, ikiwamo hii ambamo insha hii inawekwa. Ripoti za fildi, kwa kawaida, hukaa idarani hadi alama zitoke, kisha huondolewa kupisha za mwaka unaofuata. Ni kweli kwamba nyingi zimeandikwa kwa kunakiliana, hasa sura ya historia ya kituo. Lakini hata nakala ya nakala ingemwonyesha mwanahistoria ni lini neno stakabadhi ghalani liliingia katika orodha ya majukumu ya mhasibu wa chama cha msingi cha Ruangwa, na ni lini neno bei dira lilitoweka. Wakaguzi wa 1949 walilalamika kwamba daftari halikuwepo. Hapa madaftari yapo, yameandikwa kwa mkopo wa umma, nayo yanatupwa.

Kuna badiliko moja ambalo halikupangwa na chuo chochote. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2010 ufuta wa Mkoa wa Lindi nao uliingizwa katika mfumo wa stakabadhi za ghala. Ufuta huvunwa mapema. Minada yake huanza baina ya Mei na Juni na huendelea wakati mwanafunzi anapowasili. Minada ya RUNALI haikai mahali pamoja, bali huhamahama baina ya vijiji vya wilaya zake, na katika misimu ya karibuni ununuzi umehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania. Baada ya ufuta hufuata mbaazi. Kwa mara ya kwanza, mwanafunzi wa fedha anayefika Julai anaweza kukaa chini ya mwembe pamoja na wakulima, kusikia bei ikisomwa, kuona mikono ikiinuliwa kukubali au kukataa, kisha akarudi ofisini na kufuatilia makato ya kilo ileile mpaka akaunti ya benki.

Ruangwa ina pia uchimbaji wa madini ya kinywe, ambao bila shaka utawavuta wanafunzi wa fedha kwa sababu migodi ina posho na viyoyozi. Hilo ni suala la utafiti mwingine. Kwa sasa, anayepangiwa halmashauri huambiwa siku ya kwanza kwamba gari la mnadani limejaa, na hukabidhiwa mafaili ya Juni.